MKATABA HAUTOKANI NA KUKATA

Katika somo la Biolojia hapa Shinyanga tuliambiwa kuwa neno la Kiingereza "insect" latokana na Kilatini "secare", yaani kukata, kwa kuwa mwili wa mdudu ni kama uliokatwa vipande vitatu: kichwa, kifua na tumbo. "Section" na "sector" ni ndugu zake. Nasi tunayo yetu: kata tunamokaa, na mkato wa katika sentensi.

Mimi nikaongeza mkataba. Baba yangu huchimba dhahabu Geita katika duara la mtu mwingine, na mgawo wa viroba vya mawe walipatana kwa mdomo. Likizo iliyopita nilimwambia kwamba mkataba ni kukata mafungu tu, basi yatosha. Duara lilipotoa mawe mazuri, akapewa viroba viwili badala ya vitano, wala hakuwa na la kuonyesha.

Ndipo nilipofungua kamusi. Lo! Mkataba umetoka Kiarabu, ndugu yake kitabu, katibu na maktaba. Asili yake ni kuandika. Nimekwisha kumwandikia baba habari hizo, na ndani ya bahasha nimetia karatasi mbili tupu.