Mgeni wa Mkutano ni Nani?

Katika mji wa Malindi, kama ilivyo Mombasa na Nairobi, wapo watu ambao siku ile ile ya wiki, saa ile ile, huacha shughuli zao wakaenda kuketi pamoja hotelini kwa muda wa saa moja. Kengele hugongwa, chakula kikaletwa, waliochelewa wakatozwa faini ndogo huku wenzao wakiwacheka, kisha akasimamishwa mgeni mmoja azungumze kwa dakika ishirini juu ya jambo alijualo. Huulizwa maswali mawili matatu, makofi yakapigwa, kengele ikagongwa tena, na kila mtu akarudi kazini kwake. Hivyo ndivyo viitwavyo vyama vya huduma. Magazeti yetu ya Kiswahili huviandika kwa nadra, na yanapoviandika aghalabu huwa ni picha ya watu waliosimama mbele ya tangi la maji wakitabasamu.

Nimekwisha kuwa mgeni wa mkutano wa namna hiyo, na nimekwisha kusimama mbele ya tangi la namna hiyo. Chama kilichonialika sitakitaja, maana niliyoyaona yangeweza kutokea katika chama chochote, na kosa mojawapo lilikuwa langu mwenyewe.

Kwanza tuwatendee haki wenye vyama. Tarehe 23 Februari mwaka 1905 wakili mmoja wa mji wa Chicago, Paul Harris, alikutana na wenzake watatu katika ofisi ya mmoja wao. Wakapatana kwamba kila mara watakutana kwa mwenzao mwingine, leo kwako kesho kwangu, na kutokana na mzunguko huo wakakiita chama chao Rotary. Mwaka 1917, katika mji huo huo, kikazaliwa chama cha Lions. Na mwaka 1925 Helen Keller, mwanamke asiyeona wala kusikia, akawasihi Lions wawe watetezi wa vipofu, ndiyo sababu hata leo shughuli zao nyingi huhusu macho. Rotary ilifika Nairobi mwaka 1930. Wanawake hawakukubaliwa kuwa wanachama wake duniani kote hadi mwaka 1989. Na tangu mwaka 2016 vyama vyake vimeruhusiwa kukutana mara mbili tu kwa mwezi vikipenda, ingawa wazee wengi wa vyama hivyo hawataki hata kusikia habari ya kuacha wiki yao.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya Wazungu na hayatuhusu. Nadhani wamekosea. Lile neno la mzunguko linatosha kutukumbusha kikoa, yaani kula pamoja kwa zamu, na pia kufanya jambo kwa bia, yaani kwa kuchangiana (wanafunzi wangu hucheka kila nitajapo neno hili, wakidhani nasema kinywaji). Wagiriama nao wana mweria: watu hukusanyika wakalima shamba la mmoja wao, na siku nyingine la mwingine, hata kila mmoja akafikiwa. Harris na wenzake hawakubuni jambo ambalo bara la Kilifi halikulijua. Tofauti iliyopo ni kwamba katika mweria anayelimiwa leo ndiye mlimaji wa kesho, ilhali katika chama cha huduma anayehudumiwa hana zamu mezani.

Nilialikwa nizungumze juu ya methali za Waswahili. Nilizungumza kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya mkutano, na sikujiuliza mara mbili. Nikawaeleza wanachama kwamba mgeni huwa mgeni siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Walipendezwa mno. Mwenyekiti akanishukuru, na akaniomba nifuatane nao Jumamosi kwenda kuliona tangi walilolijenga katika shule moja ya upande wa bara, kupita Kakuyuni.

Tulifika saa nne asubuhi. Tangi lilikuwa zuri, la lita elfu kumi, limeunganishwa na mifereji ya mabati iliyozunguka paa la madarasa. Hotuba zikatolewa chini ya mwarobaini. Hatimaye bibi mmoja wa miaka sabini hivi akaombwa aseme neno kwa niaba ya akina mama.

Alisema kwa Kigiriama, bila haraka, kwa muda usiopungua dakika nane. Alianza kwa shukrani kama adabu inavyotaka. Kisha akasema kwamba tangi limo ndani ya ua wa shule, na lango la shule hufungwa kwa kufuli kila jioni, Jumamosi, Jumapili na likizo nzima, hata mwezi wa Desemba uliopita hakuna mama aliyechota mtungi mmoja. Akasema mwalimu mkuu hana kosa, kwa kuwa maji hayo ni ya watoto, na akiliacha lango wazi yatakwisha kwa siku nne. Akasema walipoulizwa mara ya kwanza wanataka nini, walijibu kwamba wanataka silanga yao iondolewe tope, maana ndiyo inayovinywesha vijiji vitatu pamoja na mifugo. Akamaliza kwa swali: yule mliyemtuma kutuuliza, aliwarudishia jibu gani?

Mkalimani, kijana mchangamfu aliyevaa fulana yenye nembo ya chama, akageuka na kufasiri kwa Kiingereza. Maneno yake yote yalikuwa haya: anashukuru sana na anawaombea heri. Makofi yakapigwa. Bibi akatazama huku na huku, akaona watu wote wanapiga makofi, naye akapiga.

Kigiriama ndiyo lugha ya mama yangu mzazi. Nilisikia kila neno, na nikanyamaza. Nilijiambia kuwa mimi ni mgeni, kwamba si adabu kumuumbua kijana mbele ya watu, kwamba nitamweleza mwenyekiti faraghani. Hizo ni sababu ambazo mtu huzipata upesi anapoogopa. Nilipomuuliza yule kijana garini, hakukana. "Nimefupisha tu, Daktari," alisema. "Wageni wana haraka, na wakisikia malalamiko watapeleka pesa zao kwingine." Yeye ni mzaliwa wa kijiji kile kile. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi; miradi imekwisha kuhamishwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Neno lake la kufupisha limenikaa moyoni, na hapa nasema na walimu wenzangu. Mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne una sehemu nzima ya ufupisho. Twawafundisha vijana kupunguza maneno bila kupunguza maana, na tunawakata alama wakiacha hoja muhimu. Lakini twawafundisha kwa vifungu vilivyochapishwa, visivyo na mwenyewe wa kudhurika. Sikumbuki hata siku moja nilipomweka mwanafunzi kati ya watu wawili wasioelewana, mmoja ana mamlaka na mwingine hana, nikamwambia afasiri na afupishe. Ufupisho wa namna hiyo una shinikizo lake: kila mara kinachokatwa ni kile ambacho mwenye nguvu hapendi kukisikia.

Na la ajabu zaidi, masafa ya lugha zenyewe ni mafupi. Mto Sabaki, umwagikao baharini kaskazini kidogo ya Malindi, umewapa wanaisimu jina la kundi zima la lugha ambalo ndani yake mna Kiswahili, lugha za Wamijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliliandikia kitabu kinene mwaka 1993. Kigiriama na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Mgiriama asemapo madzi, Mswahili ahitaji kamusi ya nini? Ungemweka bibi yule mbele ya mfanyabiashara wa Malindi aliyezoea kusema Kiswahili dukani mwake, wangeelewana kwa sehemu kubwa bila mtu wa tatu. Lakini mfanyabiashara huyo akiketi kwenye mkutano wa chama huliacha sikio hilo nje. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na inaitaka serikali iziendeleze lugha za wenyeji. Hakuna sheria izuiayo kengele ya hotelini kugongwa kwa Kiswahili.

Wapo waliolipata somo hili kabla yetu, na hawako mbali. Watafiti wa KEMRI mjini Kilifi, ambao kituo chao kilianza mwaka 1989, walichapisha mwaka 2004 uchunguzi juu ya wazazi waliokubali watoto wao waingizwe katika utafiti. Ilionekana kwamba wengi hawakuelewa vizuri walichokikubali, na kwamba mpaka baina ya utafiti na matibabu ya kawaida haukuwa wazi kwao. Kituo hakikulifunika jambo hilo. Kwa miaka iliyofuata kiliweka wawakilishi wa jamii na mikutano ya mara kwa mara ya kuzungumza na wenyeji. Na Rotary yenyewe, iliyoanza kampeni yake ya kupiga vita ugonjwa wa kupooza mwaka 1985, haingeona Afrika ikitangazwa huru na virusi vya asili vya ugonjwa huo tarehe 25 Agosti 2020 kama wachanjaji hawakwenda nyumba kwa nyumba na kuwasikiliza akina mama kwa lugha zao, hasa wale waliokataa. Wenye Rotary wana maswali manne ambayo mwanachama hutakiwa kuyapimia maneno na matendo yake. La kwanza lauliza kama jambo ni la kweli, na la pili kama ni la haki kwa wote wanaohusika. Tafsiri ya chini ya mwarobaini isingelivuka hata lile la kwanza, wala kimya changu.

Nilimwandikia mwenyekiti barua ya kurasa mbili, nikaeleza yote, pamoja na kunyamaza kwangu. Nikapendekeza bibi yule awe mgeni wa mkutano. Barua haikuwapendeza wote. Mwanachama mmoja alisema kwamba saa ya mgeni si baraza la mashtaka, na mwingine akauliza bibi huyo atazungumza juu ya mada gani, kana kwamba maji si mada. Majuma matatu yalipita ndipo nikapigiwa simu.

Alikuja na akina mama wawili na msichana wa kidato cha tatu, mjukuu wa jirani yake, awe mkalimani. Mimi nilikuwa nimeombwa nifasiri, nikakataa. Nilitaka awe mtu wa kule kule, ambaye akipotosha neno jioni atakuta anaulizwa. Wasiojua historia ya pwani hii walistaajabu kumwona mwanamke wa Kigiriama akisimama wima mbele ya wakubwa na kusema bila karatasi. Wangestaajabu kidogo zaidi kama wangalikuwepo mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alipokuwa akiwakusanya watu dhidi ya kodi na kazi za kulazimishwa, akahamishiwa magharibi ya nchi, akatoroka na kurudi kwao kwa miguu.

Safari hii bibi hakuanza kwa shukrani. Alisema shukrani zake tayari zilikwisha kuwafikia, yaliyobaki njiani ni mengine. Msichana alifasiri sentensi baada ya sentensi. Mara moja alikwama, bibi akamngoja, wote tukamngoja. Alipomaliza, mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliuliza swali kwa Kiswahili, wa pili akafuata kwa Kiswahili, na muda si muda meza nzima ikawa imehama, hata Mwitaliano mmoja mkazi wa siku nyingi, ambaye nilikuja kugundua kwamba Kiswahili chake ni bora kuliko Kiingereza chake. Kengele ya kufunga iligongwa dakika arubaini baada ya wakati. Watu watatu walikuwa wamekwisha kuondoka, na sikupendezwa na namna mmoja wao alivyoondoka.

Bomba limepitishwa chini ya ua, na mfereji wa kuchotea uko nje sasa, ufunguo wake ukiwa kwa kamati ya akina mama. Bado kuna ubishi baina ya kamati na shule juu ya ni mitungi mingapi ichotwe kwa siku wakati wa kiangazi. Kuhusu silanga, gharama ya tingatinga iliwashinda wanachama. Bibi ndiye aliyesema basi na iwe mweria: kijiji kitatoa mikono, chama kilete chakula, mabero na sepetu. Siku ya kwanza walikuja wanachama tisa. Mwenyekiti alinikabidhi jembe mwenyewe, akicheka, na malengelenge yake niliondoka nayo hadi darasani.

Tangu hapo katibu wa chama ameniomba nimsaidie kuandika kumbukumbu za mikutano kwa Kiswahili, ili nakala ipelekwe shuleni kule isomwe. Kazi si ngumu sana. Kinachonisumbua ni cheo cha yule ofisa anayesimamia utaratibu na kuwatoza faini wachelewaji. Nimemwita mnadhimu. Katibu anasema neno hilo lina harufu ya jeshi. Msichana wa kidato cha tatu, ambaye sasa hutuletea maoni ya kijiji, anasema kwao wameelewa kwamba ni mtoza ushuru. Walimu wa Kiswahili wenye neno lililo bora waniletee kabla ya mkutano wa wiki ijayo.