Rangi ya Nywele Iliyokosewa

Mkazi wa Singida aliyejitia nyumbani rangi nyeusi ya nywele, ambayo watu wa pwani huiita piko, akaona na paji la uso limekuwa jeusi, hukimbilia sabuni. Sabuni haimfai sana. Rangi nyingi za namna hiyo zina parafenilinidiamini, ambayo molekuli zake ndogo hupenya ndani ya unywele. Humo oksijeni itokayo katika dawa iliyochanganywa nayo huziunganisha zikawa kubwa, zisiweze kutoka tena. Iliyobaki ni mkasi, au subira: nywele hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi. Ngozi ina nafuu, kwa kuwa tabaka lake la juu hubanduka lenyewe. Dawa ya kung'arishia nguo isitumiwe kamwe, huunguza ngozi.

Mafuta ya alizeti, ambayo Singida haiyakosi, hukinga ngozi yakipakwa kandokando ya nywele kabla ya kazi, si baadaye.

Lakini kope zikivimba na kichwa kuwasha, hilo si doa tena bali ni mzio. Rangi ioshwe mara moja kwa maji mengi, na mgonjwa apelekwe hospitali, kwani uvimbe ukifika kooni huziba pumzi. Mwili ulioikataa rangi hiyo mara moja huweza kuikataa tena kwa ukali zaidi, hata baada ya miaka.