Ndoo ya Langoni

Machi 3, 2020, Rais John Magufuli wa Tanzania alimpokea kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, Ikulu, jijini Dar es Salaam. Badala ya kupeana mikono, wawili hao wakagusanisha viatu. Picha ikazunguka kwenye simu za watu, wakaicheka, kisha wakaiiga. Tanzania ilikuwa haijatangaza mgonjwa hata mmoja wa Korona. Kenya ilitangaza wa kwanza Machi 13, Tanzania Machi 16. Ndani ya siku chache, salamu ambayo mtoto hufundishwa angali anatambaa ikawa jambo la kufikiriwa mara mbili. Wengine walitoa kiwiko, wengine mguu, wengine waliweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa kidogo.

Salamu ya miguu ilikufa upesi, na haishangazi. Mahali ambapo kijana humshika mzee mkono na kuubusu, kumnyooshea kiatu ni utovu wa adabu, na virusi havikuweza kulibadili hilo. Mkono kifuani ulikuwa na bahati zaidi. Ulikuwapo tangu zamani, hasa baina ya wanaume na wanawake wasio maharimu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kufundishwa.

Kisha ikaja ndoo.

Kila aliyeishi Afrika Mashariki mwaka 2020 anaikumbuka: ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyotobolewa chini na kufungwa koki, imekaa juu ya stendi ya chuma, na beseni la kupokea maji machafu chini yake. Pembeni kuna chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa sabuni, kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa moto. Ilisimama langoni mwa benki, sokoni, kanisani, msikitini, stendi ya mabasi na mlangoni mwa duka la mtaani. Mafundi wa kuchomelea wakapata kazi mpya ya kutengeneza stendi za kukanyaga, ili mtu asishike koki iliyoshikwa na mwenzake. Huko Bungoma, magharibi mwa Kenya, mtoto wa miaka tisa alijitengenezea ya mbao na misumari, ya kukanyaga vilevile, na Juni 2020 akatunukiwa nishani na Rais Uhuru Kenyatta.

Kunawa kwenyewe hakukuwa kugeni. Kabla ya ugali au pilau, mtoto wa nyumba huzunguka na birika na beseni akiwanawisha wageni, akianza na mkubwa wao. Mwislamu hutia udhu kabla ya swala. Ukizitazama vizuri, desturi hizo mbili zina siri moja: kila moja imefungwa kwenye tukio lisilokosekana. Chakula kikitengwa, mikono inaoshwa. Adhana ikisikika, mtu anatafuta maji. Hakuna anayeketi kujiuliza kama leo kuna haja.

Watafiti wa University College London waliwahi kulipima jambo hilo kwa watu 96. Kila mmoja alichagua kitendo kidogo, kama vile kunywa maji au kula tunda, akakifanya kila siku baada ya tukio lilelile. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalionyesha kuwa kitendo kilichukua wastani wa siku 66 mpaka kikaanza kufanyika chenyewe bila kufikiri. Tofauti baina ya watu na vitendo ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Kwa hiyo miezi miwili au mitatu ya kampeni kali inaweza kumtosha mtu mmoja na ikamwacha jirani yake njiani.

Na hofu? Hofu huanzisha tabia, lakini haina pumzi ya kuifikisha mbali. Tanzania iliacha kutoa takwimu za Korona Mei 2020, hesabu ikiwa imesimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Wanafunzi wakarudi darasani Juni, baa hazikuwa zimefungwa, na ndoo nyingi zikabaki langoni zikiwa kavu, koki imeshika vumbi. Mwanzoni mwa 2021, misiba ilipofuatana, zilijazwa tena. Kufikia Februari mwaka huo chama cha Maalim Seif kilikuwa kimekwisha kutangaza kwamba kiongozi wake ameambukizwa. Alifariki tarehe 17.

Barakoa ilikuwa na maisha mengine kabisa. Mwanzoni Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wote waivae. Ni Juni 5, 2020 ndipo lilipozitaka serikali zihimize barakoa kwenye msongamano. Kenya ilikuwa imetangulia kwa kuilazimisha tangu Aprili. Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, akawaonya wananchi kwamba wakiendelea kuishi kikawaida, ugonjwa ungewatendea isivyo kawaida. Matatu ya abiria 14 ikapakia wanane. Mafundi cherehani wakashona barakoa za kitenge, na abiria wakazivaa kwa namna yao: chini ya kidevu safarini, juu ya pua pindi askari anapoonekana mbele. Machi 11, 2022, Kenya ilipoondoa sharti la kuivaa hadharani, nyingi zilitoweka usoni wiki hiyohiyo. Kilichokuwa kimezoeleka ni kumwona askari.

Nyungu haikulazimishwa na mtu, na pengine ndiyo iliyopendwa kuliko yote. Majani ya mwarobaini, mlimau, mpera, mchaichai na mkaratusi yalichemshwa sufuriani, mgonjwa na asiye mgonjwa wakajifunika blanketi na kuvuta mvuke. Bei ya malimau na tangawizi ikapanda masokoni. Mvuke huweza kumpa nafuu aliyezibwa pua, lakini hauui virusi vilivyomo mwilini, na sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi inaweza kuunguza vibaya. Hata hivyo, kuicheka nyungu ni rahisi kuliko kuielewa. Ilitoka kwa bibi, ilifanyika nyumbani, familia nzima ilikusanyika, na haikuhitaji kibali cha yeyote. Kampeni nyingi za afya hazina hata moja kati ya sifa hizo.

Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, unaonyesha upande mwingine: tabia iliyozoeleka kabla ya Korona. Ebola iliyotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018 iliua watu zaidi ya 2,200 mpaka ilipotangazwa kwisha Juni 25, 2020. Ilipofika Goma Julai 2019, vituo vya kunawa kwa maji ya klorini vilikuwa barabarani na mpakani na Rwanda, ambako maelfu ya wachuuzi huvuka kila siku. Mtu alinawa, akapimwa joto, akapita. Korona ilipoingia, wakazi hawakuwa na la kujifunza upya kuhusu salamu ya kiwiko. Ndoo zilikuwa mahali pake.

Bila shaka ndoo inataka maji. Mwaka 2020 watu bilioni 2.3 duniani hawakuwa na mahali pa kunawa kwa maji na sabuni nyumbani kwao. Kwa familia inayonunua maji kwa dumu, sekunde 20 za kusugua mikono chini ya koki iliyo wazi ni anasa. Ndiyo maana kibuyu chirizi, dumu dogo linaloning'inizwa kwa kamba na kuinamishwa kwa mguu, kina akili kuliko vifaa vingi vya bei kubwa: maji hutoka machache, na mkono haugusi chombo.

Anayedhani mabadiliko hayo madogo hayakuwa na uzito atazame mafua. Mwaka 2020 na 2021 mafua ya msimu karibu yatoweke duniani, kwa sababu watu walikaa mbalimbali, walisafiri kidogo, walivaa barakoa na kunawa. Aina moja ya virusi vyake, B/Yamagata, haijathibitishwa kuonekana popote tangu Machi 2020, na Shirika la Afya Duniani limeshauri iondolewe kwenye chanjo.

Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulitangazwa mkoani Kagera, Tanzania. Watu tisa waliugua, sita wakafariki, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha. Ndoo zilirudi mkoani humo.

Huenda ofisi, shule au msikiti wa karibu nawe bado una ya kwake langoni. Utakapopita kesho, fungua koki. Ikitoa maji, nawa. Ikiwa kavu, muulize mlinzi ni nani mwenye kazi ya kuijaza.