DUARA ZA KAKAPEL: NAFASI TUPU NAYO NI PICHA

Mwezi huu kwenye ukurasa wetu wa familia tunazungumzia kuchora. Si kuchora nyumba na gari tu, bali ile picha ya mistari michache na nafasi nyingi. Mtoto akichora duara moja katikati ya karatasi na kuacha kwingine kote kutupu, sisi wazazi tunasema haraka, "Umeharibu karatasi bure!" Tusikimbilie kusema hivyo. Picha za namna hiyo zipo tangu zamani sana, tena kwenye mpaka ambao wengi wetu tunaujua.

Kakapel iko wapi?

Watu wa Tororo wana lile jabali lao linaloonekana hata ukiwa Malaba. Ng'ambo ya pili, huko Teso katika Kaunti ya Busia, kuna vilima vya Chelelemuk. Hapo pana mwamba mkubwa ulioinama kama paa, unaitwa Kakapel. Ukutani kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: duara moja ndani ya lingine, na mistari. Wataalamu wanasema duara za zamani zilichorwa na wawindaji, ndugu wa Batwa. Ukienda Nyero, wilaya ya Kumi nchini Uganda, utakuta duara za ukoo huo huo.

Maana yake? Hakuna aliyebaki wa kutueleza kwa hakika. Lakini kule kisiwa cha Mfangano, katika Ziwa Victoria, wazee walitumia sehemu zenye duara kama hizo kuombea mvua. Kwa hiyo si mchezo wa bure. Mchoraji alikuwa na ukuta mzima, akatia rangi kidogo, mwamba mwingine akauacha. Na ule mwamba mtupu ndio unaofanya jicho liende moja kwa moja kwenye duara.

Waliokuja baadaye

Baada ya wawindaji walikuja wafugaji, nao wakachora ng'ombe kwenye ukuta ule ule. Jambo la kutazama ni hili: duara bado zinaonekana. Wageni walipata nafasi yao na wenyeji wa kwanza hawakupotea. Hata chakula kilihamia. Wachimbuzi walikuta hapo Kakapel kunde za miaka kama 2,300 iliyopita, na kunde asili yake ni Afrika Magharibi.

Mpaka wenyewe ulikuja juzi tu. Mwaka 1902 Waingereza walikata sehemu ya mashariki ya Uganda, hadi Naivasha, wakaitia upande wa Kenya. Iteso wakajikuta nchi mbili. Na mapema mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya Wakenya walivuka Busia na Malaba kukimbilia Uganda. Wengi walipokelewa Mulanda, wilaya ya Tororo, halafu wakapelekwa Kiryandongo. Basi ukuta wa Kakapel unatuhusu. Nafasi ni moja, watu ni wengi, na kila mmoja anataka alama yake ionekane.

Kibaya ni kwamba wako wageni wanaoandika majina yao juu ya michoro ile. Jina la dakika moja linaharibu kazi ya maelfu ya miaka. Tuwafundishe watoto: alama ya mwenzio usiifute ili uweke yako.

Jaribuni nyumbani

Huhitaji rangi za dukani. Tafuta kipande cha boksi, makaa na chaki mbili za rangi. Mwambie mtoto achague kwanza mahali atakapoacha patupu. Halafu achore duara moja, alainishe ukingo kwa kidole. Mtoto wa pili aongeze yake bila kugusa ya kwanza. Mwisho waulize, "Mbona umeweka hapa, si pale?" Kisha nyamaza usikilize.

Mara nyingine mtoto aliyeona mengi hana maneno ya kuyasema. Duara ndogo kwenye kona ya boksi kubwa inaweza kuwa ndiyo habari yake ya kwanza. Mama, baba, usimwambie ajaze. Kaa naye, itazameni pamoja.

Kwa leo tuishie hapo. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.