KUPIMA FIGO ZA MTU ANAYETAKA KUMPA NDUGUYE FIGO

Wenye ubao na chaki wawe tayari, maana leo tuna hesabu.

Tangu Novemba 2017 figo hupandikizwa hapa nchini, kwanza Muhimbili, kisha tangu 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Zamani wagonjwa walipelekwa ng'ambo, hasa India. Basi siku hizi ukoo wa Simiyu waweza kuulizwa: nani atampa mgonjwa wenu figo moja? Anayejitolea ni mtu mzima wa afya, na figo ikiisha kutolewa hairudi. Ndiyo maana waganga humpima sana.

Figo ni chujio. Zote mbili, kwa kijana mwenye afya, huchuja kama mililita 100 za maji ya damu kila dakika, au zaidi. Karibu yote hurudi mwilini. Mwongozo wa kimataifa wa 2017 wasema: 90 au zaidi, yafaa; chini ya 60, asitoe; katikati, waganga watazame umri na hali ya mtu mwenyewe.

Chujio hilo hupimwaje? Misuli hutoa taka iitwayo kreatinini, na figo huitoa kwa mkojo. Ikijaa katika damu, figo zimelegea. Kipimo hiki ni rahisi, ila kina hila. Mtu mwembamba ana misuli michache, taka yake ni kidogo, na figo dhaifu zaweza kuonekana nzima. Uchunguzi wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini, uliotangazwa 2022, uliona hivyo hasa: kreatinini ya damu ilizisifu figo kupita kiasi. Kwa maoni yangu mtu asikubali kupasuliwa kwa namba hiyo moja.

Kwa hiyo huombwa mkojo wa saa 24. Saa 12 asubuhi kojoa, umwage. Tangu hapo weka wote katika chombo ulichopewa, usiku na mchana, hata ule wa saa 12 kesho yake. Tuseme umepata mililita 1,500, na kreatinini imo humo mara 100 kuliko katika damu. Zidisha, ugawe kwa dakika 1,440: utapata 104. Vizuri. Lakini ukienda kuchuma pamba ukajisaidia shambani mililita 400, jibu litakuwa 76, nawe utatiliwa shaka bure. Na usipoumwaga ule wa kwanza? Litapanda hadi 132. Kosa hili ni baya zaidi, maana humficha mwenye figo dhaifu.

Mkojo wenye damu usifichwe pia. Kichocho tunakijua sote, nacho hutibiwa kwanza.

Penye vifaa, dawa maalumu hudungwa mshipani, kisha damu huchukuliwa kwa saa kadhaa kuona upesi wa dawa kutoweka. Njia hiyo haidanganywi na misuli. Picha nyingine huonyesha kazi ya kila figo. Moja ikiwa imepungua, kwa kawaida hiyo ndiyo hutolewa, na iliyo bora humbakia mtoaji. Nayo hukua, ikafanya kama theluthi mbili ya kazi ya zote mbili.

Sasa vikundi, andikeni: mkojo wa saa 24, mililita 1,800, kreatinini, mara 70 kuliko katika damu. Je, mtu huyu ataambiwa nini?