Kabla Hujapiga Windows Upya

Kwa mafundi wengi wa kompyuta wa Kariakoo kuna tiba moja ya karibu kila ugonjwa: kupiga Windows. Laptopu nzito, piga Windows. Haitoi sauti, piga Windows. Waifai imegoma, kioo kinachezacheza, chaji haiingii, jibu ni lilelile, na mwenye mali anaambiwa arudi jioni. Jioni anakuta mashine imefutwa, picha za harusi zimehamishiwa asikokujua au hazipo kabisa, na tatizo limejificha siku mbili tatu kabla ya kurudi kama lilivyokuwa.

Sisemi kupiga Windows hakusaidii. Kunasaidia pale mfumo wenyewe ulipovurugika. Lakini laptopu nyingi zinazofika kwenye meza za mafundi hao ni watu wazima: Dell Latitude, HP EliteBook na Lenovo ThinkPad zilizotumikia ofisi za Ulaya na Marekani, nyingine zikapitia Dubai, kisha zikauzwa hapa kama mitumba. Wakenya huziita ex-UK. Mashine ya namna hiyo ina vyuma vilivyochoka, na ina draiva ambazo mtengenezaji aliacha kuziandika siku nyingi. Hitilafu inaweza kutoka upande wowote kati ya hizo mbili. Kazi ya kwanza ni kujua ni upande upi, na kufuta diski hakukuambii.

Nitachukua Dell Latitude E6430 ya mwaka 2012, kwa kuwa bado zimo mitaani, zina mwili wa kuvumilia kudondoshwa, na magonjwa yake yanajulikana.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliileta ya kwake kwa fundi nikiwa nimekaa pale nasubiri spea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii imekataa intaneti tangu juzi. Simu inashika vizuri, yenyewe haitaki."

"Imeshapita kwa fundi mwingine?"

"Imepita. Kapiga Windows, ikawa nzima siku ileile. Usiku nikaizima na kuchomoa waya, asubuhi yaleyale."

Fundi hakugusa waifai. Alitazama kona ya chini ya kioo, upande wa kulia, ambako saa ilikuwa inasema ni mwaka 2013. Kazi ilikuwa karibu imekwisha.

Ndani ya laptopu kuna betri bapa ya mviringo, CR2032, ya volti 3, ambayo kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea umeme ukikatika. Ikifa, na betri kubwa nayo ikawa haishiki chaji, ukichomoa waya tu mashine inasahau tarehe. Tovuti karibu zote siku hizi hujitambulisha kwa cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kivinjari kinalinganisha cheti na saa ya kompyuta, kinaona cheti hakijaanza hata kutumika, kinafunga mlango. Waifai imeunganishwa, draiva ni salama, ila kila ukurasa unakuja na onyo jekundu. Yule fundi wa kwanza aliporekebisha tarehe wakati wa kupiga Windows, aliponya ugonjwa bila kujua, mpaka waya ulipochomolewa. Kwenye E6430 betri hiyo iko chini ya kifuniko cha nyuma, imevikwa plastiki na kufungwa waya mdogo wenye plagi. Ukiijua, unaibadilisha chai ikiwa bado ya moto.

Na hapo ndipo penye shida ya biashara hii. Mteja wetu hajazoea kulipia kupimiwa. Analipia kitu alichokiona: spea mpya, au Windows mpya yenye picha mpya ya ukutani. Fundi akitumia nusu saa kufikiri, kisha akabadilisha betri ya saa, mteja anasema, "Kijana, kwa hiki tu?" Kwa hiyo fundi anayefikiri anapata kidogo kuliko anayefuta. Siwalaumu mafundi peke yao. Yule wa siku hiyo hutoza ada ya kupima, na ukikubali matengenezo anaikata kwenye bei. Wapo wanaomwona mwizi.

Ugonjwa wa pili wa Latitude hizi unafanana sana na virusi, na umewalia watu fedha nyingi. Laptopu inakuwa nzito ghafla. Kufungua faili la Word kunachukua dakika. Wanaongeza RAM, wanapiga Windows, bado nzito. Fungua Task Manager, nenda kwenye sehemu ya utendaji, usome kasi ya prosesa. Prosesa ya kutembea kwa gigahezi 2 na zaidi ikiwa imeganda chini ya gigahezi 1 huku kazi ikiwa nyingi, acha Windows, tazama chaja. Ncha ya chaja ya Dell ya wakati ule ina sindano nyembamba katikati. Kazi yake ni kuiambia laptopu kwamba chaja ni halisi na ina wati ngapi, 65 au 90. Sindano ikipinda, waya wake ukikatika ndani kwa kukunjwakunjwa, au chaja ikiwa ya kuiga, laptopu haisikii chochote kutoka kwake. Itakubali kuwaka, lakini haitachaji betri, na itajibana kasi ili isivute umeme isioujua mpaka wake. Wakati wa kuwaka huandika onyo kwamba aina ya chaja haikutambulika, ila nani hulisoma? Watu hubonyeza kitufe na kuendelea. Azima chaja nzima kwa jirani kabla hujanunua lolote. Kasi ikirudi, umeshajua. Isiporudi, huenda ni tundu la kuchomekea, nalo linabadilishwa bila kubadilisha bodi kuu.

Namna ya kutenganisha chuma na draiva ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na haihitaji kifaa cha bei. Washa mashine huku ukibonyeza F2 ili uingie kwenye BIOS. Humo Windows bado haijaamka na draiva zake hazijapakiwa. Kama kioo kina mistari na ipo hata humo, hakuna draiva itakayoiondoa: ni waya wa kioo unaopita kwenye bawaba, au kioo chenyewe, au chipu ya picha. Fungua na kufunga mfuniko taratibu. Mistari ikicheza pamoja na mfuniko, shuku waya. Chomeka skrini ya nje. Picha ikitoka safi huko, chipu ya picha umeitoa kwenye orodha. Kibodi pia hupimwa humohumo. Kitufe cha mshale kisichofanya kazi kwenye BIOS ni kitufe kibovu. Ukibonyeza F12 badala ya F2 utapata orodha yenye vipimo vya Dell vyenyewe, vinavyokagua RAM, diski na feni, na kutoa namba ya kosa.

Hatua inayofuata ni flashi. Iwekee Linux Mint, uwashe laptopu kutoka kwenye flashi hiyo bila kusakinisha kitu. Diski yako haiguswi. Sauti isiyotoka kwenye Windows ikitoka huku, spika ni nzima na lawama ni ya draiva. Ikikataa huku na kule, anza kutafuta bisibisi. Angalizo ni kwa kadi za waifai za Broadcom, ambazo nyingi haziamki kwenye Linux mpaka ziongezewe programu yake, kwa hiyo ukimya wake huko si ushahidi wa kifo. Na kabla ya yote hayo, pitisha kidole ubavuni mwa mashine. Latitude za miaka ile zina kiswichi cha kuzima waifai, kidogo, rahisi kusukumwa na begi. Kimewahi kupigiwa Windows hicho.

Ukishathibitisha kwamba tatizo ni draiva, nenda Device Manager utafute alama ya njano yenye mshangao. Wengi wakiiona tu hukimbilia ile flashi ya fundi yenye mamia ya draiva, inayosakinisha kila kitu kwa mkupuo pamoja na programu ambazo hakuna aliyezialika. Mimi siitaki. Bonyeza mara mbili kwenye kifaa usome namba ya kosa. 28 ina maana draiva haijawekwa. 10 ina maana kifaa kimeshindwa kuanza. Mara nyingi draiva ipo, ila si yake. 43 ina maana kifaa chenyewe kimetoa taarifa ya hitilafu, na hapo rudi kwenye jaribio la Linux.

Kisha tafuta utambulisho wa kifaa kwenye kichupo cha maelezo. Utaona VEN ikifuatiwa na tarakimu nne: 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 10EC ni Realtek. (Intel walijichagulia namba ya chipu yao ya mwaka 1978, ambayo kizazi chake ndicho kilichomo ndani ya hizi Latitude.) Tarakimu baada ya DEV zinataja kifaa chenyewe. Ukiwa na hizo pamoja na Service Tag, zile herufi na namba saba zilizobandikwa chini ya mashine, unaingia kwenye ukurasa wa Dell na kuchukua draiva inayohusika, si ya kubahatisha. Nyingi kwa mashine hizi ziliandikiwa Windows 7 na 8, lakini za biti 64 mara nyingi hukubali kufanya kazi kwenye Windows 10. Anza na za chipseti, ndipo uje kwenye picha, sauti na waifai. Kama waifai ndiyo haina draiva, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na kuwasha kugawa intaneti kwa njia ya USB. Windows inaitambua simu bila kuongezewa kitu, ila kaa macho na bando lako.

Dalili moja haina alama ya njano. Kitufe cha kupunguza mwanga wa kioo hakifanyi kazi na video zinakatakata. Tazama jina chini ya kadi ya picha. Likisomeka Microsoft Basic Display Adapter, Windows inatumia draiva yake ya dharura, na chipu ya Intel imekaa bila kazi.

Si kila alama ya njano ni ugonjwa, hata hivyo. Kwenye Latitude huwa kinabaki kifaa kimoja kisichojulikana, ambacho utambulisho wake unaanza na SMO88. Hicho ni kihisi cha kuanguka. Kikihisi laptopu iko hewani, huiambia diski iondoe vichwa vyake juu ya sahani zinazozunguka kabla ya kufika sakafuni. Kama ulishaweka SSD, hakuna vichwa wala sahani za kuokoa. Kiache na njano yake.

Kuhusu diski za zamani sina maneno mengi: diski inayogonga kwa sauti, nakili vitu vyako leo, si kesho, halafu weka SSD. Hakuna spea inayobadilisha mashine ya 2012 kuliko hiyo SSD. Feni nayo isafishwe vumbi na prosesa ipakwe pesti mpya.

Linabaki la Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji binafsi waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza waliahidiwa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inadai moduli ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea, na E6430 ina ya kizazi cha 3. Wapo mafundi wanaoiingiza kwa mlango wa nyuma, na inawaka kweli. Lakini Intel haiandiki draiva za Windows 11 kwa chipu ya picha ya mashine hii, kwa hiyo unategemea za zamani na kila sasisho kubwa ni bahati nasibu. Ningemshauri yule mwalimu atumie Linux Mint, ambayo draiva za Intel za umri huo bado zimo ndani yake. Ila asiisakinishe kwanza. Aiwashe kutoka kwenye flashi, achomeke printa yake, afungue mtihani mmoja aliouandika kwa Word wenye majedwali, auchapishe na autazame karatasini.