Lushoto Hadi Tanga na Kurudi Siku Moja: Upite Njia Ipi?

Mama anayeishi Lushoto, Soni, Mlalo au Bumbuli hana budi kushuka Tanga mara kwa mara. Huyu ana kadi ya kliniki ya mtoto katika Hospitali ya Bombo, yule ana binti katika shule ya bweni, mwingine anafuatilia mafao ya marehemu mumewe katika ofisi za mkoa. Wote wanafanana kwa jambo moja: nyumbani wameacha watoto, mifugo na pengine mzee mgonjwa, nao wanataka kulala kwao usiku uleule. Je, inawezekana? Ndiyo, lakini si kwa kila njia, wala si kwa kila saa ya kuondoka.

Wengi wetu tunapopanga safari huuliza kwanza basi la asubuhi linaondoka saa ngapi. Kwa mtu wa milimani swali hilo ni la pili. La kwanza ni hili: jioni, gari la mwisho la kupanda kutoka Mombo huondoka saa ngapi? Maana safari ya siku moja haiharibikii Tanga. Huharibikia Mombo, pale mama anaposhuka barabara kuu na mizigo na mtoto mgongoni, akakuta magari ya Lushoto yamekwisha.

Hebu tuhesabu kwa kuanzia mwisho. Kutoka Mombo hadi Lushoto mjini ni kilometa zipatazo 33 kwa lami, lakini ni za kupanda na za kona tupu, kutoka kwenye joto la tambarare hadi mwinuko wa kama meta 1,400. Gari huchukua karibu saa nzima, na likisimama kila kituo huzidi. Ukitaka kufika kwako kabla ya giza, basi uwe Mombo saa 11 jioni. Kutoka Tanga hadi Mombo ni saa mbili na nusu hadi tatu. Kwa hiyo ni lazima gari lako litoke Tanga saa 8 mchana. Tena stendi ya mabasi iko Kange, nje ya mji, wakati Bombo iko upande wa baharini. Weka nusu saa ya daladala au bajaji. Ina maana saa 7 na nusu uwe umeshamaliza shughuli zako na kuaga.

Sasa geuza upande wa asubuhi. Ukiondoka Lushoto saa 12, utafika Tanga kama saa 4, na saa 4 na nusu utakuwa kwenye benchi la wagonjwa. Una saa tatu tu. Ukiondoka saa 2 asubuhi kwa sababu ulitaka kwanza kuwaandalia watoto uji, una saa moja. Ni afadhali uji uchemshwe jana yake na kuwekwa kwenye chupa.

Kwenda ni kitu kimoja, kurudi ni kingine

Asubuhi chagua basi linalotoka Lushoto moja kwa moja hadi Tanga. Hubadilishi gari, mzigo unabaki mahali pamoja, na mtoto hulala. Wapo wanaosema ni nafuu kushuka Mombo kwa gari dogo, kisha kudandia basi lolote la barabara kuu. Pengine utatangulia kwa nusu saa, lakini angalia linakokwenda. Mabasi mengi yanayotoka Arusha na Moshi yanaelekea Dar es Salaam, nayo hukunja Segera kuelekea Chalinze. Utashushwa pale njia panda, kisha utasubiri gari la Tanga kwa kilometa 70 hivi zilizobaki, na huenda likaja limejaa. Ukishakaa Segera dakika 40 juani, ile nusu saa imekwisha kuliwa.

Jioni ushauri wangu ni kinyume chake. Usilisubiri basi la moja kwa moja kwa sababu tu ndilo ulilozoea. Likichelewa kujaza abiria, nawe umechelewa pamoja nalo. Ikifika saa 8 na halijaondoka, panda basi la Moshi au Arusha na umwambie kondakta mapema kwamba unashuka Mombo. Nauli ulipe ya Mombo. Viwango vya nauli hupangwa na LATRA, kwa hiyo usiogope kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Na kama hakuna basi hilo, panda gari la Korogwe. Korogwe nataka niisifu kidogo, maana watu huipita bila kuifikiria. Ni mji wenye soko, hospitali na nyumba za wageni, na kutoka pale hadi Mombo ni kilometa kama 40 tu. Mama aliyekwama Korogwe na mtoto ana mahali pa kukaa na pa kununulia maji. Baina ya kubadilisha gari Segera na kubadilisha Korogwe, mimi nachagua Korogwe siku zote.

Liko neno jingine jipya la kuangalia. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku, baada ya katazo la miaka mingi. Wengine wamefurahi wakasema sasa hakuna haja ya haraka, kwani basi litapatikana hata saa 3 usiku. Litapatikana la kukufikisha Mombo, ndiyo. Lakini ruhusa hiyo haikuleta magari ya usiku ya kupanda mlima. Atakayekungoja pale ni kijana wa bodaboda, na zile kona gizani, penye ukungu, ukiwa na mtoto mapajani, si jambo la kujaribu.

Kulala Mombo

“Basi nitalala Mombo,” mama anasema. Ni kweli vyumba vipo. Lakini kumbuka kwamba Mombo ni bondeni, ni joto, kuna mashamba ya mpunga, na mbu ni wengi. Watoto waliokulia juu mlimani hawakuumwa na mbu wa malaria kwa wingi kama wenzao wa tambarare, kwa hiyo miili yao haijajenga kinga. Homa ikiwashika huwashika vibaya. Mtoto wa Lushoto akilala usiku mmoja Mombo bila chandarua, mama ahesabu siku. Akipata homa katika wiki ya pili au ya tatu, asiseme ni mafua ya baridi ya mlimani. Ampeleke akapimwe siku hiyohiyo, na amweleze mganga kwamba walilala bondeni. Mwenye busara hukunja chandarua chake kwenye kikapu kila anaposhuka, hata kama hatarajii kulala.

Na treni je?

Wazee wetu walisafiri kwa treni. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Haikupanda kuja Lushoto, ambayo wakati ule Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Abiria alishuka Mombo na kupanda mlima kwa barabara, kama sisi leo. Desemba 2019 treni ya abiria ilirudi kati ya Dar es Salaam na Moshi baada ya kukosekana zaidi ya miaka 20, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Lakini ilipangwa kutembea usiku, na inapotoka Dar es Salaam hupita Ruvu na Mnyusi bila kugusa Tanga mjini. Kwa mama anayetaka kwenda Bombo na kurudi haimfai.

Wenzetu wa Japani wana treni ya mwendo kasi kati ya Tokyo na Osaka tangu mwaka 1964, na mtu hula chakula cha mchana mji mmoja na cha jioni mji mwingine. Hapa kwetu, tangu mwaka 2024 treni ya umeme imewapa wakazi wa Dar es Salaam na Dodoma nafasi kama hiyo. Sisi wa Usambara bado tunategemea matairi.

Njia ya Bumbuli, na ya Moshi

Akina mama wa Bumbuli huuliza kwa nini wazunguke Soni na Mombo, wakati iko barabara ya kushuka kupitia Dindira hadi Korogwe. Kwenye ramani ni fupi. Lakini ufupi wa njia si kilometa peke yake, ni pamoja na kungoja, na upande huo magari ni machache. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo ulioloa huweza kuzuia gari kutwa nzima. Hata lami ya Mombo hadi Soni huangukiwa na mawe na udongo mvua zikizidi. Miezi hiyo piga simu kwa mtu wa Soni jioni ya kuamkia safari.

Kama kadi yako ni ya KCMC, usijidanganye. Kutoka Mombo hadi Moshi ni karibu kilometa 200, kupitia Same. Kwenda, kumwona daktari na kurudi siku moja ni kumtesa mgonjwa. Tafuta mwenyeji, ulale.

Mambo madogo ya njiani

Mtoto anayetapika kwenye kona asipewe maandazi wala chai ya maziwa kabla ya kushuka. Mpe kipande cha mkate mkavu, mkae viti vya mbele, atazame nje. Mvalishe nguo mbili mbili, maana Juni na Julai Lushoto ni baridi ya kutetemesha, na saa nne baadaye Tanga mtamvua hadi fulana. Plamsi na mapeasi ya zawadi nunua Soni wakati wa kwenda, si Mombo, ambako bei imeshapanda.

Na ukifika hospitali, kabla hujakaa, nenda kwa muuguzi anayepokea kadi. Mwambie, “Dada, nimetoka Lushoto na ninarudi leo.” Wauguzi wengi wanaujua mlima ule. Mwombe pia tarehe ijayo iandikwe nje ya masika, ikiwezekana, na ikiwa mko wawili kutoka usharika mmoja wenye watoto wa kliniki, mpangiwe siku moja. Wakiwa wanne au watano wanaweza kukodi noah kutoka mlangoni hadi mlangoni, wakagawana gharama, na suala la gari la mwisho la Mombo likawa halipo.